Maswali Kumi na Sita na Kovu Moja

Kazi yangu ilianza Jumatatu ya pili ya Februari, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mbele ya geti la kijani kule Mamboleo. Nakumbuka dakika kwa sababu fomu inataka uandike saa ya kuanza kabla ya kupiga hodi. Niliiandika, halafu nikasimama pale hadi saa mbili na dakika thelathini na tano bila kupiga hodi yoyote. Kwa hiyo fomu yangu ya kwanza ina uongo wa robo saa. Nimeona niseme mapema.

Nimestaafu Alhamisi iliyopita, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mnaweza kucheka. Wiki kumi na moja si nyingi, lakini ndizo pekee nilizofanya kazi maishani, na Septemba naingia chuo cha uuguzi. Mama Nyambura, aliyekuwa msimamizi wetu, alituambia kila karani aache kurasa mbili za mawaidha kwa wale watakaochukua vibao vyetu vya kuandikia Agosti kwenda upande wa ufuoni. Za kwangu zimepita mbili. Mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Kwa asiyejua, kazi ni hii. Daktari, mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, anataka kujua watu wazima wa hapa Kisumu wanafikiri nini kuhusu upasuaji wa urembo. Unabeba fomu yenye maswali kumi na sita na kadi nne zenye michoro: pua, matiti, tumbo na uso wenye kovu la moto. Unamwonyesha mtu kadi, unamuuliza kama anaona ni sawa mtu kupasuliwa ili abadilishe hicho. Swali la kumi na sita linamrudia yeye mwenyewe: je, wewe ungekubali kufanyiwa?

Na kwa asiyenijua, mimi nina kovu la moto. Linaanzia shavu la kushoto, linashuka chini ya taya hadi shingoni, limevimba kama kamba. Kazi niliiomba kwa barua na nikahojiwa kwa simu. Kwa simu mimi ni jasiri kiasi. Nilipofika kwenye mafunzo, katika ukumbi wa kanisa, na Daktari akainua kadi ya nne, makarani wenzangu watatu waliangalia dirishani kwa pamoja, kama wameona ndege.

Picha ya kitambulisho changu cha kazi nilimwomba mpiga picha anipige upande wa kulia. Nilionekana kama mtu anayesikiliza jirani akigombana.

Mama Nyambura alitufundisha mambo ambayo hayamo kwenye karatasi za mafunzo. Yeye ni mtu wa Nyeri aliyeletwa Kisumu na ndoa na biashara ya nguo, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akizunguka na fomu za watu. Ameshahesabu neti za mbu, vyoo, kuku, na watoto waliochanjwa. Dholuo, lugha ya hapa, anakiongea kwa lafudhi ya kwao, na wazee wakimsikia wanacheka, na wakicheka wanafungua geti. Alisema utumie penseli, kalamu ya wino inalia ukiwa na jasho. Ubebe mfuko wa plastiki, mvua ya Kisumu ya saa tisa haingojei umalize swali. Chaki ya kuweka alama kwenye nguzo ya geti ulilomaliza. Ukishapiga hodi rudi nyuma hatua tatu, ili anayefungua akuone mzima. Usitingishe kichwa mtu akijibu, hata kidogo.

Na kubwa zaidi alilisema akiwa amenishika mkono, labda aliona nataka kulia: "Andika alichosema. Si kile unapenda, si kile unadhani alitaka kusema. Alichosema."

Hayo ya hatua tatu ndiyo yalinichelewesha kwa lile geti la kijani. Hatua tatu nyuma, nionekane mzima.

Aliyefungua alikuwa Baba Felix, fundi wa kuchomelea mageti, mzee wa kanisa, mtu mpana mwenye miwani ya kazi kwenye paji la uso. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake. Nilisema maneno yangu ya utangulizi, akaniambia niongeze sauti au aizime mashine, nichague. Nikamwambia azime. Hapo ndipo aliniona vizuri. Alinivutia stuli, akaipangusa kwa kofia yake.

Ilikuwa fomu rahisi kuliko zote nilizowahi kujaza. Pua, ni sawa. Matiti, ni sawa, kila mtu na mwili wake. Tumbo, sawa. Kovu, sawa kabisa, tena hata serikali ingesaidia. Yeye mwenyewe? Angekubali, kwa nini asikubali. Alinisindikiza hadi barabarani akinitakia Mungu anibariki. Nilitoka pale nikifikiri watu wa Mamboleo wana mawazo mapana sana, na kwamba kazi hii nitaiweza.

Wiki tatu za kwanza zilikwenda hivyo. Sheria ni kuanzia njia panda na kuhesabu kila geti la tano. Ukiingia humchagui unayemtaka, unauliza siku za kuzaliwa za watu wazima wote wa hapo, na anayekaribia siku yake ndiye unayemhoji. Hii sheria inaleta vita. Baba mwenye nyumba ameshavaa shati la kuhojiwa, unamwambia ni shemeji yake aliye jikoni. Msikubali kubadilishiwa. Mzee mmoja alidai siku yake ni kesho, mke wake akasema huyo alizaliwa wakati wa mahindi, hata mwenyewe hajui.

Nyuma ya soko la Kibuye nilimpata muuza nguo za mitumba aliyekuwa amekuja nyumbani kunyonyesha. Kadi ya matiti aliiangalia muda mrefu, akamwita dada yake waiangalie wote. Akaniambia kama kuna mtu anayerudisha vitu mahali vilipokuwa kabla ya watoto watano, nimwandike wa kwanza, na nisimwambie baba yao. Dada yake akamwambia akirudishwa hivyo atapata wa sita. Nilicheka hadi nikasahau kushika skafu niliyokuwa nikijifunikia shingo na shavu, na hakuna aliyesema kitu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Dani Dorsila, bibi anayeishi na wajukuu. Huyu ndiye wa kwanza kunikatalia kila kitu. Pua, hapana. Tumbo, hapana, ale kidogo. Kovu, hapana, limeshapona linatafutiwa nini. Nilishtuka na nikafurahi, sijui kwa nini. Macho yake yana ukungu, nafikiri hakuniona vizuri. Alisema mwili wa mtu hauguswi na chuma kwa ajili ya kupendeza. Nilipomuuliza kama amewahi kufanyiwa chochote kubadilisha sura, alisema hajawahi, akacheka, na nikaona pengo. Meno sita ya chini hakuna.

Nyinyi mnajua. Wazee wetu wengi wa Kiluo waling'olewa yale sita walipofikia umri. Nilimuuliza, nje ya fomu, na hilo ni kosa, msifanye.

"Hayo?" alisema. "Hayo yaling'olewa na mtu wa kazi hiyo, na chuma yake, na sikulia. Ungebaki nayo, nani angekuoa? Ungefungua mdomo watu waseme unafanana na punda."

"Sasa Dani, hiyo si urembo?"

"Hiyo si urembo, nyathina, mwanangu. Hiyo ni kuwa mtu."

Nilikaa na penseli hewani. Ndio au hapana? Mwishowe nikatumia kisanduku cha chini kabisa, kile cha "Nyingine, eleza", nikaandika maneno yake yalivyo. Jioni Mama Nyambura alisoma, akasema mama yake mzazi alikuwa na ndewe za masikio zilizotobolewa na kuvutwa hadi karibu na mabega, na alipotaka kubatizwa akazishonesha. Mara ya kwanza alikatwa ili apendeze, mara ya pili akashonwa ili apendeze kwa wengine. Hapo katikati, alisema, hakuna aliyemuuliza swali la kumi na sita.

Wiki ya nne ndiyo iliyokuwa ngumu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Daktari alipanga fomu zetu mezani, kila karani na bunda lake. Kwa wenzangu, majibu yalikuwa mchanganyiko, hapana zikiwa nyingi. Bunda langu lilikuwa ndio, ndio, ndio, ukimtoa Dani Dorsila na wengine wachache. Daktari hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama nilikuwa napita kwenye nyumba kweli, au nilikaa mahali nikajaza. Kuna karani aliyefukuzwa wiki ya pili kwa kupika majibu akiwa hotelini anakunywa chai, kwa hiyo swali halikuwa la ajabu. Nilivuta skafu hadi shavuni nikaangalia chini. Mtu mwenye hatia na mtu mwenye haya wanafanana sana kwa mbali.

Niliambiwa nikae nyumbani siku mbili. Mama Nyambura angerudia nyumba zangu tatu kwa kushtukiza, bila mimi. Majibu yakilingana, nitarudi. Yasipolingana, bunda lote linatupwa na jina langu linakuwa lile la kutajwa kwenye mafunzo.

Hayakulingana.

Alikuja kwetu Kaloleni mwenyewe kuniambia, tukasimama nje karibu na kamba ya nguo. Geti la kijani lilikuwa la kwanza kurudiwa. Baba Felix alimjibu hapana, hapana, hapana, na kadi ya nne akaongeza mahubiri. Mama Nyambura akamwambia kwamba msichana aliyekuja mwanzo ameandika tofauti, na kwamba msichana huyo yuko karibu kufukuzwa kwa uongo. Baba Felix akavua miwani. Akakiri kuwa ndio alisema yale, nimeandika sawasawa. Ila angeniambiaje? Mtoto amekuja na uso ule, anauliza kama ni vibaya kurekebisha uso, wewe mtu mzima umwambie Mungu hapendi? Nyumba nyingine mbili zilisema hivyo hivyo kwa maneno mengine.

"Kwa hivyo hukupika," Mama Nyambura alisema. "Daktari ameelewa. Ameomba msamaha, atakuambia pia."

Nikangoja, kwa sababu sauti yake ilikuwa haijamaliza.

"Lakini fomu zako haziwezi kutumika. Walikuwa wanakujibu wewe, hawakuwa wanajibu karatasi. Anataka ukae ofisini, uwe unaingiza majibu ya wenzako kwa kompyuta."

Ningependa kuandika kwamba nilisema kitu cha maana hapo hapo. Nilisema sawa, asante, nikaingia ndani. Nilikasirika hadi jioni, kwanza na Baba Felix na stuli yake. Halafu nikafikiri: nimepita nyumba zote hizo nikificha upande mmoja, na kila mmoja aliuona, na kila mmoja akanificha kwamba ameuona. Sote tulikuwa tunaficha kitu kimoja. Hakuna aliyekuwa ameambiwa anaweza kuacha.

Asubuhi nilienda kwa mpiga picha, nikapigwa nikiangalia mbele. Kisha nikaenda ofisini, na nilichotaka kusema nilikuwa nimekiandika kwenye karatasi, nikamsomea Daktari. Nilimwomba siku mbili. Nianze upya na Baba Felix. Akinijibu mimi tena badala ya karatasi, nitaenda kwenye kompyuta bila neno. Daktari alimwangalia Mama Nyambura. Mama Nyambura alisema katika miaka yake yote hajaona karani anayeomba kurudishwa kwa geti lililomchoma, na kwa hiyo angependa kuona.

Nilirudi nyuma hatua tatu. Baba Felix alifungua, akaanza kutafuta stuli.

Nilisema utangulizi niliotunga mwenyewe, ambao mkitaka mnaweza kuuazima kwa chochote mlicho nacho. Nilisema: "Baba, hili kovu ni la uji wa moto, nilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Haliumi. Mimi hapa ni karani tu. Ukinijibu kwa huruma, kazi yangu inatupwa. Nijibu kama unamjibu yule mama wa juzi."

Alikaa yeye kwenye stuli.

"Sasa wewe unanilazimisha niwe mbaya," alisema.

"Nakuomba uwe mkweli."

Basi akawa. Pua, hapana. Matiti, hapana, hiyo ni kiburi ya watu wa simu. Kovu, hapana, kwa sababu Mungu aliruhusu likupate na ana sababu yake, na akanitazama usoni moja kwa moja alipolisema, upande wa kushoto, mtu mzima wa kwanza ambaye si wa nyumbani kwetu kufanya hivyo. Nilidhani ningeumia. Sikuumia. Nilifikiri tu kwamba sikubaliani naye, na kwamba ni raha kuwa na mtu wa kutokubaliana naye. Niliandika alichosema.

Tulipomaliza akaniuliza, wewe je, ungekubali? Sheria inasema karani hajibu. Nilimwambia swali ni la kwake. Akasema hapo nimemtoroka, akanisindikiza hadi barabarani, na safari hii alinitania kwamba nina sauti ya kuuza geti.

Nilirudishwa kazini. Nyumba zangu zote za mwanzo nilizirudia kwa utangulizi ule, na bunda langu likaanza kufanana na ya wenzangu. Niliambiwa hapana na akina mama waliokuwa wakilia. Niliambiwa ndio na shemasi, kwa kunong'ona. Kijana mmoja wa Mamboleo alisema ananionea wivu, mimi nina sababu ya kwenda kwa daktari, yeye pua yake ni mbaya bila ajali. Watu wakipewa ruhusa wanasema mambo. Skafu niliiacha nyumbani kuanzia wiki ya sita, hasa kwa sababu ya joto.

Lakini swali la Baba Felix lilinifuata, na ninalotaka kuwaambia ni hili la mwisho.

Wiki ya kumi na moja tulifanya Kaloleni, mtaa wetu. Siku ya mwisho, Alhamisi, nilihesabu mageti kutoka barabarani kama kawaida, na la tano likawa letu. Nilihesabu tena. Karani haruhusiwi kuhoji kwao, kwa hiyo nilimwita Mama Nyambura. Nyumbani kuna watu wazima wawili tu, mama yangu na mimi. Mama amezaliwa Novemba. Mimi ni Mei, na tulikuwa Aprili, kwa hiyo wa kuhojiwa nikawa mimi.

Mama Nyambura alikaa kwenye kochi akanoa penseli. Mama yangu akasimama atoke, kwa sababu mahojiano ni ya faragha. Ni lazima niwaambie kuhusu mama. Yeye ndiye aliyekuwa anapika ule uji, na aligeuka kuchukua kifuniko. Kifuniko tu. Mara mbili aliniletea habari za daktari wa kurekebisha makovu ya moto anayekuja Ijumaa kwenye hospitali moja hapa mjini. Mara ya kwanza nilisema nina mtihani, mara ya pili nikajifanya nimelala, na hakurudia tena. Mezani hukaa upande wangu wa kulia, tangu nikumbuke.

"Akae," nilisema.

Tulienda moja baada ya jingine. Sauti yangu ilikuwa sawa. Pua, matiti, tumbo, kovu, nilisema nilivyofikiri, na nikagundua nilikuwa nimefikiri sana. Tukafika la kumi na sita.

"Je, wewe mwenyewe ungekubali kufanyiwa?" Mama Nyambura alisoma kutoka kwenye karatasi, kana kwamba hatujuani. Hakutingisha kichwa.

Mama alikuwa ameshika kona ya kitambaa cha meza.

"Shingo, ndio," nilisema. "Shingo inanivuta nikigeuka, na usiku nalala upande mmoja tu. Shavu, hapana. Shavu ni langu."

Hakuna kisanduku cha nusu. Mama Nyambura alishuka hadi "Nyingine, eleza", akaandika polepole, halafu akanisomea ili nihakikishe ndivyo nilivyosema. Ndivyo. Mgeni alimaliza chai, akaweka alama ya chaki kwenye nguzo yetu. Kisha mama akauliza kama inanivuta sana. Nikamwambia inanivuta. Akasema hakujua, alidhani ni uso ndio unaonisumbua, miaka yote hii. Nikamwambia hakuuliza. Akasema alikuwa anaogopa jibu.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, saa mbili kasoro, tulikuwa kwenye foleni ya ile kliniki. Mama alikaa kushoto kwangu. Ilipofika zamu yetu, karani wa dirishani, msichana wa rika langu mwenye fomu na kalamu ya wino, aliniuliza jina na umri. Kisha akauliza sehemu ya kurekebishwa, akaninyanyulia macho, na nikamwona anaanza kuandika shavu.

"Shingo," nilimwambia. "Andika nilichosema."